Komwe Moja Pungufu

Juzi, rafiki yangu, aliingia ofisini kwetu muuguzi mmoja wa Kenya, mtu wa bara, viatu vya kazi bado viko miguuni na usingizi wa zamu bado uko machoni. Ofisi yetu ni ya tiketi, iko Al Mansoura, hapa Doha, imebanwa kati ya kinyozi na fundi simu, na ukubwa wake ni kwamba wateja watatu wakikaa, wa nne anaulizia bei akiwa mlangoni. Nimeuza tiketi hapo kwa muda mrefu kiasi kwamba nikimtazama mtu anavyovuka barabara, najua kama anakwenda kwao kwa likizo, kwa harusi au kwa msiba. Huyu sikumjua. Alitaka kwenda Antigua.

Yeye na mumewe walioana kwa haraka kati ya mkataba na mkataba, na fungate yao ililiwa na kazi. Sasa wamejibana, wanataka kuila wenyewe, tena mbali, kwenye kisiwa cha Karibiani ambacho hakuna shemeji atakayepita kuomba nauli. Nikamfungulia picha. Mchanga mweupe, maji ya buluu, mwanamke wa kizungu amelala kwenye kiti kana kwamba amevunjika mgongo. Muuguzi akanizuia kwa mkono.

"Dadangu, mimi bichi sitaki. Bichi niko nayo Diani. Niambie huko ndani kuna nini, pale ambapo hao watu wa meli kubwa hawashukishwi."

Nikamwambia bei ni ileile, aone mchanga asiuone. Akafikiri kidogo, akasema basi apunguziwe sehemu ya mchanga. Nikampenda palepale. Mtu anayejua kuomba punguzo la kitu asichokitumia ni ndugu yangu, hata kama hatujakutana tumboni.

Basi nikaanza kumtafutia. Ikatoka minara ya mawe ya vinu vya upepo vilivyosaga miwa enzi za utumwa, imesimama porini bila mapanga. Likatoka daraja la mwamba lililotobolewa na bahari yenyewe. Halafu, chini kabisa, ikatoka picha ndogo ya tangi la mawe chini ya nyumba ya zamani, na maneno machache: kisiwa hiki hakina mto, na tangu kale watu wake hukinga mvua paani na kuihifadhi chini ya sakafu. Nikamwambia muuguzi asubiri, natafuta bei. Bei nilikuwa nayo. Nilichokuwa natafuta ni pumzi.

Mimi nimezaliwa Wasini. Kama hupajui, usione haya, hata Wakenya wengi hawapajui. Ni kisiwa cha mawe ya matumbawe mbele ya Shimoni, kule kusini pwani inapokaribia kuishia. Hakuna gari, hakuna mto, hakuna kisima cha maji matamu. Wageni walikuwa wakiletwa na boti asubuhi kuangalia pomboo, mchana wanashushwa kijijini kwetu kula kaa kwa ndimu na tangawizi na wali wa nazi, halafu wanalala kwenye mikeka na matumbo yao, halafu wanarudishwa. Katika ramani yao Wasini ilikuwa sahani.

Sisi wenyeji tulikuwa tunaishi ndani ya habari nyingine, habari ya maji. Kila nyumba iliyojiweza ilikuwa na jabia, tangi la mawe lililochimbwa ardhini na kupakwa chokaa, na kando yake uwanja mdogo wa sakafu ulioinama ili mvua iteremkie ndani. Kabla ya masika tulifagia uwanja ule mpaka ukang'aa, tukatoa majani, tukatoa mijusi waliodhani ni kwao. Ndani ya jabia waliishi samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, kwa hiyo nilikua nikinywa maji yenye walinzi. Yalikuwa na ladha ya jiwe na kivuli. Nimekunywa maji ya chupa za kila aina hapa Doha, mengine yametoka milimani kwa watu wenye theluji, na bado sijapata yanayofikia yale.

Bibi yangu, mama wa mama, ndiye aliyenilea, na kata yake ya kifuu ndiyo iliyokuwa serikali ya nyumba. Maji ya kuoshea mchele yalinawisha miguu, ya miguu yakamwagiwa mpapai, na mpapai ukiangusha tunda bichi alikuwa akiutazama kama mdeni. Aliyechota alitakiwa aseme amechota ngapi, na Bibi alikuwa ameshahesabu kwa masikio akiwa jikoni. Watu wakiniuliza leo kwa nini nahesabu kila kitu mara mbili, chenji, mayai, vifungo vya shati dukani Souq Waqif, nawaambia nimelelewa kwenye ukame. Wanadhani natania.

Mwaka ninaokuambia, jabia letu lilipata ufa. Mwembamba, kama unywele uliodondokea kwenye ukuta, lakini maji yalikuwa yanaujua. Tulichota asubuhi, jioni tukakuta alama imeshuka zaidi ya tulivyochota. Mpaka kiangazi kinafika katikati, tulikuwa tunanunua maji ya madumu kutoka Shimoni, yanakuja na boti yakinuka mafuta ya taa. Bibi alihitaji mifuko ya saruji na fundi kabla ya masika. Mvua ikitangulia, ingepita kwenye ufa ule ikazama chini, nasi tungekaa mwaka mzima tukinunua tulichopewa bure.

Saruji ile ilikuwa itoke kwenye biashara ya Bibi, ambayo haikuandikwa kwenye karatasi ya nahodha yeyote. Wageni wakishamaliza kaa, wakati wengine wanatafuta mto wa kulalia, Bibi alikuwa anapita kando ya mikeka akiwa amejifunga leso safi, mimi nyuma yake nimebeba kikapu. Alikuwa hasemi kitu. Alisimama tu, akaangalia upande wa nyuma ya kijiji kama mtu aliyesikia anaitwa huko. Mzungu mmoja lazima angeuliza kuna nini. Mwingine angeuliza bei. Hapo ndipo nilipofundishwa kazi niliyonayo mpaka leo. "Ukiulizwa bei," alikuwa akiniambia, "kohoa kwanza. Mgeni ataongeza mwenyewe kabla kikohozi hakijaisha."

Aliwapeleka kwenye makaburi ya kale, yale yaliyopambwa kwa vyombo vya kichina vilivyochomekwa kwenye chokaa, vingine vimebanduliwa na kubaki mashimo ya duara. Aliwaonyesha jabia letu, akawachotea kidogo waonje, na ukimwona Bibi amemchotea mtu maji yake wakati wa kiangazi, ujue huyo amependwa. Mwisho aliwaingiza kwenye bustani ya matumbawe. Ni mawe yaliyokuwa chini ya bahari zamani za zamani, bahari ikayaacha. Marefu kuliko mtu, yamechongoka, yanasimama kwa wingi kama watu walioambiwa wasubiri na hawakuambiwa wanasubiri nini. Chini ni matope na mikoko midogo na kaa wekundu wa kidole kimoja. Siku za maji mafu unapita mkavu. Siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, bahari inakumbuka kwao. Haiji na wimbi. Inaota kutoka chini, kwenye vishimo, kimya, na njia uliyoijia inakuwa kidimbwi, na kila jiwe linafanana na jirani yake.

Kwa hiyo watu walihitaji kuhesabiwa, na hapo palikuwa na tatizo, kwa sababu kwetu mtu hahesabiwi. Mbuzi anahesabiwa, nazi inahesabiwa. Mtu ukimnyooshea kidole, mmoja, wawili, watatu, umeita jicho baya, na jicho likija halichagui. Bibi alikuwa amelipatia dawa jambo hili. Ndani ya kikapu nilichobeba mlikuwa na komwe, zile mbegu ngumu za kijivu tunazochezea bao, laini kama jino. Zilizagaa ufukoni upande wa mikomwe, ukivumilia miiba. Kila mgeni akiingia bustanini alipewa komwe moja mkononi. Akitoka, anaidondosha kikapuni. Kisha Bibi alikaa chini, akazimimina kwenye leso akizihesabu, akazirudisha kikapuni akizihesabu tena. Hesabu mbili zikikubaliana, alipangusa mikono, na jirani yetu aliyekuwa akikaanga mwani alipewa ishara auze. Wageni walipenda sana. Walidhani ni mila. Ilikuwa mila kweli, lakini ilikuwa pia uhasibu.

Nahodha aliyetuletea wageni wengi wakati ule alikuwa mtu wa Shimoni, kijana wa makamo, miwani ya jua haimtoki hata ndani ya nyumba. Yeye alihesabu vichwa, kwa kidole, kwa sauti, mpaka Bibi akafumba macho. Na kabla ya siku ninayokusimulia alishawahi kumhesabu baharia wake pamoja na wageni, akaondoka, ikabidi arudi kumchukua mzee mmoja wa Kijerumani aliyekuwa amelala chini ya kibanda akiota mambo yake. Hatukumtania. Yaani, jirani alimtania kila alipomwona, sisi wengine hatukumtania.

Basi siku hiyo ilikuwa ya bamvua. Bibi alikuwa ameifupisha ziara makusudi, hata jabia hakuwapitisha. Kati ya wageni kulikuwa na mwanamke mtu mzima, mweusi kama sisi, amejifunga kitambaa kichwani vizuri tu. Jirani alimwamkia kwa Kivumba chetu, yule mama akatabasamu bila kujibu, na jirani akabaki ananung'unikia kikaango chake kwamba watu wakishafika mjini hujifanya wamesahau lugha. Waliingia bustanini, wakapiga picha, wakatoka kwa haraka maana maji yalishaanza kuota. Wakadondosha komwe zao kwa fujo, huyu anacheka, huyu anafuta matope, wakashuka pwani kwenye boti.

Bibi akakaa akahesabu. Ziliingia kumi na tisa. Zilitoka kumi na nane. Akazirudisha kikapuni, kumi na nane. Akazimimina tena. Sijawahi kabla ya siku hiyo kumwona akihesabu mara ya tatu, na mimi nikaanza kuogopa kabla hajasema lolote.

Alishuka pwani akamwambia nahodha kuna mtu amebaki. Nahodha akasema wote wamo, amehesabu vichwa, kumi na tisa.

"Na baharia wako umemtia, baba?" Bibi akamuuliza kwa upole.

"Bibi, usinianze. Sikumtia."

"Siku ile ya yule mzee pia hukumtia."

Baharia akageukia baharini ili acheke vizuri. Hapo nahodha ndipo alipokasirika. Akavua ile miwani, na nikaona kumbe macho anayo. Akasema ana watu wa kuwahisha, hoteli inamsubiri, na hawezi kuchekeshwa mbele ya wageni na kikapu cha mbegu. "Ukiniweka hapa, Bibi, leo ndiyo mwisho. Watakula kaa wao, watalala, nitawapakia. Huku nyuma hakuna atakayekanyaga tena."

Kila mtu pale pwani alijua maneno yale yana uzito gani. Bila nahodha hakuna wageni, bila wageni hakuna saruji, na mawingu ya masika yalishaanza kujionyesha upande wa bara, kidogokidogo, kama mtu anayechungulia kuona kama mmeamka. Mimi nilimvuta Bibi leso. Kwa akili yangu ya mtoto niliona jibu ni rahisi: nahodha ana kumi na tisa, sisi tuna kumi na nane, tugawane tofauti, twende nyumbani. Nimefanya biashara maisha yangu yote kwa kugawana tofauti. Bibi alinitoa mkono wangu kwenye leso, kidole kimoja kimoja, bila hasira. Akapandisha nguo, akajikaza kibwebwe, akarudi bustanini.

Nilimkimbilia. Aliniamuru nisimame juu ya jiwe la kwanza, lililo kavu, nisishuke. Maji yalikuwa yameshamfika magotini alipoingia, na alipofika kwenye mawe makubwa yalikuwa kiunoni. Alikuwa hajui Kiingereza wala Kijerumani wala lugha yoyote ya kumwita mgeni aliyepotea. "Jambo" aliona ni neno la kuuzia vinyago. Akachagua neno ambalo aliona kila binadamu mwenye mlango lazima alielewe. Akaliendea jiwe moja, akasimama mbele yake kama anavyosimama mtu kwenye kizingiti cha watu, akaita: "Hodi."

Akasubiri. "Hodi, mgeni." Akasubiri tena, kichwa ameinamisha upande wa sikio zuri.

Unajua adabu ya hodi ni mara tatu. Ukikosa jibu unageuza, unakwenda zako, na huna lawama. Bibi alikuwa mtu wa adabu mpaka kuudhi, alinirudisha mlangoni kwa watu mara nyingi kwa sababu nilipiga mbili nikaingia. Siku ile nilimsikia akipiga ya nne. Akapiga ya tano. Akahamia jiwe jingine akaanza upya, maji yanapanda, leso imefunguka inaelea nyuma yake, na sauti yake haikupanda hata kidogo, ileile ya mtu aliyefika na salamu. Mimi juu ya jiwe langu nilikuwa nalia, sijui kwa ajili ya mgeni au kwa ajili yake. Nilikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyejua nimekula au sijala, na alikuwa anazama kidogokidogo akibishia hodi mawe.

Huku pwani, haya nilisimuliwa baadaye na jirani, wageni walishaanza kuuliza kwa nini hawaondoki. Nahodha akawaeleza kwa dharau, akawaonyesha kwa vidole viwili ukubwa wa ile mbegu. Yule mama mweusi akasikia. Akafungua mkoba wake taratibu, akatoa komwe, akaiweka kiganjani. Alidhani amepewa zawadi. Jirani alitupa mwiko akaja mbio bustanini akipiga kelele, kikaango kikaungua, na mpaka leo hudai hasara ya mwani ule.

Nikampigia Bibi ukelele kwamba mgeni yumo botini, komwe anayo mwenyewe. Maji yalikuwa kifuani. Akageuka akaniuliza, "Nani kasema?" Nikasema jirani. Akauliza jirani ameona kwa macho au amesikia. Nikasema ameona. Ndipo akatoka.

Pwani nahodha alikuwa anamsubiri na kicheko chote alichokosa kabla. "Haya, Bibi. Umemtafuta asiyekuwepo."

Bibi alikuwa anakamua leso. Alimaliza kuikamua kwanza. "Bora nimtafute asiyekuwepo," akasema, "kuliko nimwache aliyepo." Alilisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mwisho.

Hapo yule mama alikuwa ameshashuka botini bila kuomba ruhusa. Alisimama mbele ya Bibi, akaanza kusema, akaona maneno hayaleti kitu, akaacha. Akapiga magoti mchangani na nguo yake nzuri. Akachimba vishimo kwa kiganja, safu moja, kisha nyingine chini yake, akaweka ile komwe kwenye kishimo cha kwanza, akaonyesha kwa kidole inavyotembea. Bibi akachuchumaa, matone yanamdondoka kila mahali. Kisha akamwambia nahodha, atafsiri, kwamba hili ni bao.

Nahodha akatafsiri, kwa kuvutwa. Mama akasema ndiyo, kwao wanaliita jina jingine, ni mchezo wa kwao, bibi yake alikuwa bingwa, na mbegu ni hizihizi, zinamea ufukoni mwao, na alipoishika mkononi aliona hawezi kuiachia. Akataja kisiwa chake. Antigua. Nililishika jina lile kama mtoto anavyoshika jina la peremende.

"Muulize," Bibi akasema, "sisi tuna safu nne. Zake mbili nyingine ziko wapi?"

Mama akajibu kwamba kwao ni mbili tu, siku zote zimekuwa mbili.

Bibi akatikisa kichwa polepole, akiangalia vile vishimo. "Basi zilianguka njiani."

Hilo nahodha hakulitafsiri mara moja. Aliangalia upande wa Shimoni, kule kwenye mapango ambayo kila mtoto wa kwetu anajua watu walifungwa humo wakisubiri kuuzwa, kisha akalisema kwa Kiingereza, polepole, neno kwa neno, bila miwani. Yule mama alimshika Bibi mkono, mkono umelowa, wakakaa hivyo. Hata jirani alinyamaza, jambo ambalo wazee wa kijiji wangeweza kulitumia kuhesabia miaka.

Halafu Bibi akamwinua, akampeleka kwenye jabia, nahodha nyuma yao atafsiri. Boti ingoje. Mama alipoona ufa ule akacheka na kulia kwa pamoja. Akasema kwao nyumba bila tangi la mvua si nyumba, na kwamba watalii hujaa kwao mpaka ufukwe unainama, na maisha yake yote hajamsikia hata mmoja akiuliza wenyeji wanakunywa nini. Bibi akamchotea. Akanywa akafumba macho. Ile komwe Bibi alimfungia kwenye kipande cha leso akampa, na nilipouliza hesabu yetu sasa itakuwaje, akasema ile haikupotea, imesafiri.

Nahodha alitimiza neno lake. Boti yake ikawa inakuja, wageni wanakula, wanalala, wanapakiwa. Bibi alipita kando ya mikeka akaangalia nyuma ya kijiji, na baharia akaambiwa awaambie wageni kwamba huko kuna mbu. Tukaendelea na madumu yenye harufu ya mafuta ya taa. Mawingu ya bara yakawa hayachungulii tena, yanaingia sebuleni. Bibi hakulalamika, lakini usiku nilisikia akizungumza na jabia, akiliomba livumilie.

Kilichotuokoa kilikuwa kicheko cha nahodha mwenyewe. Alikwenda Shimoni akaisimulia hadithi ile gatini kama kichekesho: bibi mmoja wa Wasini ameingia baharini mpaka kifuani kumtafuta mgeni aliyekuwa amekaa botini anakula chungwa. Watu wakacheka. Wakairudia. Ikapita kwa wauza samaki, ikaingia majumbani, ikafika kwa manahodha wengine, wale waliokuwa wakilala macho kwa kuogopa mgeni kuumia mikononi mwao. Na kadiri ilivyotembea ikawa inapoteza kicheko, maana kila aliyeisikia aliibeba nyumbani akajiuliza swali lilelile: mtu wangu nikimwacha mahali, ningependa nimwachie nani? Ikaja boti ambayo hatukuijua, nahodha wake akauliza yuko wapi bibi wa komwe. Ikaja nyingine. Bibi akakohoa kikohozi kirefu kuliko vyote nilivyowahi kusikia.

Saruji ilifika, fundi akaziba, chokaa ikakauka. Mvua ya kwanza ilipiga alfajiri. Sote tulitoka tukakaa ukumbini kuisikiliza inavyoteremka kwenye ule uwanja uliofagiwa na kuingia ndani, mwanzo inalia kama inamiminwa kwenye sufuria tupu, halafu sauti inanenepa, inanenepa, mpaka ukajua imepata pa kulala. Bibi alihesabu mpaka alama ya juu, akahesabu tena. Yule nahodha naye alirudi, mwisho wa foleni, na miwani yake, akauliza kama wageni wake wanaweza kupitishwa nyuma. Nilitegemea Bibi ambane. Alimchotea maji kwanza. Akanywa, akarudisha kata, akaomba nyingine, na bei wakazungumza baada ya hapo kama watu.

Nilimrudia muuguzi wangu, ambaye alishasinzia kwenye kiti. Nikamwambia vinu vya upepo aende, na daraja la mwamba aende, lakini zaidi ya hayo atafute nyumba ya zamani, apige hodi, amuulize mzee wa pale wanakunywa nini. Akaniuliza hiyo nayo inalipiwa. Nikakohoa. Tukaelewana.

Bibi hayupo tena. Alikwenda kimya, wakati mimi niko huku nasubiri ruhusa ya kusafiri, na aliyenipigia simu ni jirani, akilia na papo hapo akilalamikia gharama ya simu. Bustani ya matumbawe sasa ina njia ya mbao, kinamama wa kijiji wanaiendesha vizuri, na wageni wanapita juu ya maji bila kulowa. Majabia mengi yamekauka pembeni ya matangi meusi ya plastiki, samaki wake wamekwenda wanakojua wenyewe. Nashukuru kwa mbao zile, nashukuru kwa matangi, sitamtakia mtoto yeyote madumu ya mafuta ya taa. Nashukuru hata kwa Doha, iliyonilisha mimi na kijiji kizima nyuma yangu, ingawa hapa tunahesabiwa kwa vichwa, kila siku, kwa kidole, na nimewahi kukaa kwenye basi la kazi nikajiuliza nani angeshuka kunitafuta.

Swali hilo, rafiki yangu, ndilo linalonifanya nikae kitako nikumbuke. Nimeuza tiketi za visiwa hata majina yake siwezi kuyatamka. Nimesoma karatasi zote za vivutio visivyojulikana, mapango, maporomoko, ngome, miti ya ajabu. Sijaona hata moja iliyoandikwa kwamba hapa palikuwa na mwanamke aliyesimama ndani ya maji, akamgongea hodi ya nne mtu ambaye hakuwepo. Kivutio hicho kimeshafungwa. Mimi nilikiona kwa karibu, kutoka juu ya jiwe kavu, na sikulipa kiingilio.